Corvette ya 1967: je, injini ya L71 ni yake ya kiwandani?

Ndugu, umeuliza utajuaje kama Corvette ya 1967, gari la michezo la Chevrolet, unayotaka kununua ilizaliwa na L71, ile injini ya nguvu za farasi 435 yenye kabureta tatu. Namba ya chesisi pekee haitakusaidia, maana mwaka ule haikutaja aina ya injini. Na kabureta hununuliwa zikafungwa, zisikubabaishe.

Shuka na tochi kwenye bloku, yaani kiwiliwili cha injini, upande wa kulia, mbele ya silinda hedi (kifuniko cha silinda). Pana kibapa, sehemu bapa ya chuma iliyogongwa herufi na namba. Kwa L71 ya gia za mkono, herufi za mwisho kwa kawaida ni JE, na pembeni tarakimu za mwisho za namba ya chesisi. Kifute taratibu kwa kitambaa na mafuta ya taa, usikikwaruze kamwe! Chuma halisi kina michirizi myembamba inayokwenda mbele-nyuma. Kikiwa laini kama kioo, au michirizi imekatika, shuku kuwa kimesagwa na kugongwa upya.

Tarehe ya kumimina bloku lazima itangulie ya kuunda injini, nayo itangulie ya gari.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni karatasi ya kiwandani iliyobandikwa juu ya tangi la mafuta. Mwombe muuzaji alishushe. Mara nyingi imeoza, lakini ikisomeka, itaitaja injini yenyewe.