Mwaka Ule Baada ya Kidato cha Nne

Juzi jioni, tukikusanya mipira, binti mmoja ninayemfunza kikapu hapa Likoni aliniuliza: "Kocha, nikishamaliza kidato cha nne, nani atanichukua?" Swali hilo halijanitoka moyoni, kwa maana ndilo lililonishinda nilipokuwa na umri wake.

Ukiwa shuleni umeandaliwa kila kitu. Kocha yupo, wenzako wapo, kuna mashindano ya kaunti, ya kanda, ya taifa, na mkifanya vizuri mnapanda basi kwenda michezo ya shule za Afrika Mashariki. Halafu KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inaisha, na kesho yake huna timu, huna kiwanja, wala wa kukuamsha alfajiri. Nimecheza na wasichana walionizidi kwa mbali. Hawakushindwa na mpinzani yeyote. Walipotelea katika miezi ile ya kukaa nyumbani wakisubiri kuitwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza kwa kujua timu zetu zinavyoendeshwa. Timu kubwa za wanawake Kenya nyingi zina mwenyewe: ama ni taasisi yenye wafanyakazi, kama KPA, mamlaka ya bandari, hapa Mombasa na benki ya Equity kule Nairobi, ama ni chuo, kama Zetech, Strathmore na USIU. Mwajiri anataka mtu anayeweza kumpa kazi, chuo kinataka mtu kinayeweza kumsajili. Ukiwa na C+ ya KCSE mlango wa digrii uko wazi, na C- inakufikisha kwenye diploma. Mimi nilipata D+, kwa sababu kidato cha nne nilikifanya msimu wa mpira mtupu. Kocha wa chuo aliyenipenda kiwanjani alitazama cheti changu, akanirudishia polepole bila kunitazama usoni. Mpaka leo naukumbuka mkono ule.

Tazama njia ya Madina Okot. Huyu mchezaji wa kikapu alitoka shule ya sekondari ya Kaya Tiwi, hapa kwetu Kwale, akaenda Zetech, kisha Chuo Kikuu cha Mississippi State kule Marekani, na mwaka 2025 akahamia Chuo Kikuu cha South Carolina, kwa kocha Dawn Staley. Watu wanataja kimo chake tu. Mimi nahesabu vituo: kila alipohama palikuwa na shule ya kumpokea. Vyuo vinavyocheza ligi ya daraja la kwanza kule, kabla ya kukuruhusu kucheza, vinakagua masomo 16 ya msingi ya miaka yote minne ya sekondari. Maana yake ripoti yako ya kidato cha kwanza ina kazi. Ziweke ripoti zote kwenye bahasha moja, pamoja na cheti cha kuzaliwa, na uzipige picha. Na mtu akikudai pesa ili akutafutie ufadhili wa Marekani, mwambie mzazi wako na usimpe hata shilingi.

Jambo dogo kuhusu mpira wenyewe: wanawake huchezea mpira wa ukubwa wa namba 6. Shule nyingi zina namba 7 tu, za wavulana, na mkono ukizoea huo, mtupo wako unaharibika siku ya majaribio. Mkiweza kuchangishana, nunueni namba 6 hata mmoja.

Sasa goti, maana hapa ndipo ninapoumia nikikumbuka. Wanawake huchanika kano ya ndani ya goti, ile inayoitwa ACL, mara nyingi kuliko wanaume, na mara nyingi hata hakuna aliyekugusa. Ni kutua vibaya tu. Mimi nilitua kutoka kwenye ribaundi, kuudaka mpira uliokosa ringi, juu ya saruji, goti likaingia ndani, nikasikia mlio. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kutua. Ndiyo maana wasichana wangu kila jioni, kabla ya kushika mpira, wanaruka na kutua kwa dakika kumi na tano, miguu miwili, magoti yakielekea vidole vya miguu. Wananung'unika. Nawaacha wanung'unike, na tunaendelea.

Siku ile ya kuumia nilikuwa na klabu iliyokuwa imenialika. Miezi tisa nilifanya nao mazoezi kwa nauli peke yake, nikijiona mchezaji wa kulipwa tayari, na hakukuwa na karatasi hata moja niliyotia saini. Nilipoumia, mama aliuza mbuzi wawili ili nipigwe picha ya goti. Kwa hiyo ukiletewa mkataba usianze na mshahara. Tafuta kwanza palipoandikwa nani atalipa hospitali ukiumia, na utalipwa miezi mingapi ukiwa hujacheza. Pasipoandikwa, omba paandikwe. Enda na mjomba, shangazi au mwalimu, mtu mzima asiyeona haya kuuliza. Binti wa Likoni nimeshamwambia: siku hiyo ikifika, anipigie simu nami nitakwenda naye.