Wote wananiambia picha zangu ni kali. Nani ataniambia ukweli?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni binti wa Tanga, kazi yangu ni kupiga picha za harusi na sendofu. Hizo ndizo picha zangu za tumbo. Siku nisizo na kazi nashuka Sahare alfajiri kuwapiga akina mama wanaochemsha dagaa, na hizo ndizo za moyo. Nikiziweka stetasi naambiwa "kali", "noma sana", basi. Juzi mpiga picha mmoja mkubwa aliziangalia kidogo akasema hazina mtazamo wangu mwenyewe, akaondoka. Nitampataje mtu wa kunikosoa nikaelewa? Na huo mtazamo unatafutwaje? Nimekuambatishia picha ishirini.
Binti wa Ngamiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha zako nimezisafisha zote saizi ya postikadi nikazitandaza mkekani, maana kwenye kioo cha simu kila picha hung'aa.

Karibu nusu ni nyuso za wazee. Umezigeuza nyeusi na nyeupe, ukakoleza mikunjo mpaka ngozi imekuwa kama gome la mbuyu. Zimepigwa vizuri, lakini yeyote mwenye lenzi ndefu angezipiga vilevile. Nadhani hizo ndizo alizozikusudia yule bwana. Alisema kweli, ila hakukusaidia, kwa sababu hakukuonyesha ni picha ipi na ni mahali gani.

Sasa itazame ile ya mama aliyetupa mgongo. Mvuke wa sufuria umemfunika kuanzia kiunoni, kanga imelowa ikamganda mabegani, mkono wa kushoto umeshika ukingo wa chekeche na dagaa wanachuruzika maji. Uso hatuuoni, lakini kazi yake tunaiona yote. Ipo ya pili ya namna hiyo, mikono miwili ikipokezana ndoo ndani ya moshi. Na ipo ya mtoto aliyesimama nyuma ya jiko, ambayo umemkata vidole vya mguu bila sababu. Ukirudi, simama hatua moja nyuma. Hizi tatu zimepigwa na mtu mmoja, anayependa mvuke, anayeuamini mgongo na mkono kuliko uso. Mtu huyo ni wewe, na ndiye nataka umfuate.

Kuhusu wakosoaji: usimuulize mtu kama picha ni nzuri. Kwa malezi yetu, nani atakwambia ni mbaya? Mpe picha mkononi, nyamaza, kisha muulize jicho lake limetua wapi kwanza, na ipi angeitoa kwenye fungu. Usimsimulie ulivyoamka usiku na kulowa maji ya bahari. Atakuonea huruma, halafu ataisifu safari yako badala ya kuitazama picha.

Anza na akina mama wenyewe. Wapelekee nakala, ni haki yao pia. Watakwambia ni wapi umeikosea kazi yao, na ni picha ipi inawavunjia heshima. Hayo mwalimu wa picha hawezi kuyaona. Kisha mtafute fundi cherehani au mchoraji, mtu anayekula kwa jicho lake lakini hana shughuli na kamera. Mpiga picha awe wa mwisho, na awe mtu ambaye kazi zake unazijua. Ukifika Dar, nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, ambako wasanii wanafanyia kazi zao. Nenda na picha zilizosafishwa. Ukivuka Unguja, ingia Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, uzitazame picha za kale ukutani na ujiulize kwa nini moja inakusimamisha na jirani yake unaipita.

Watu wasiojuana wakigota mahali palepale, pana kasoro, irekebishe. Mmoja akikosoa kitu unachokipenda na unaweza kueleza kwa nini unakipenda, usikiache haraka. Nina hakika kuna atakayelalamika kwamba sura ya yule mama haionekani. Mshukuru, na usimgeuze mama.

Sikubaliani nawe kutenga picha za tumbo na za moyo. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio mwaka 1948 akipiga wateja wa kulipa. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani mwake. Picha hizohizo za wateja ndizo leo zinatundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani. Kwa hiyo fungua mafaili yako ya harusi, utafute migongo na mikono: wapishi kwenye masufuria ya pilau, mashoga wanaomfunga bibi harusi kilemba. Zipange pamoja na za Sahare uone kama ni jicho lilelile. Ukishachagua upya nitumie, pamoja na ulizoziacha, na kwa kila uliyoiacha niandikie sentensi moja ya sababu.