Usinunue waya kwanza: nilivyopata skrini ya pili kutoka kwenye kompyuta ya zamani

Waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha, wa mita mbili niliununua Kariakoo kwa shilingi 8,000. Nikafika nyumbani, nikachomeka kichwa kimoja kwenye laptopu na kingine nyuma ya kompyuta ya mezani niliyochukua kwa mjomba alipofunga kibanda chake cha intaneti. Nikawasha zote mbili. Laptopu ikaonyesha mambo yake, kompyuta ya mezani ikaonyesha yake, utadhani majirani waliogombea mpaka wa kiwanja. Nikadhani waya ni mbovu. Siku ya pili nikarudi dukani, kijana akanibadilishia bila maneno mengi, nikaja kupata matokeo yaleyale.

Kazi yangu ni hesabu za wafanyabiashara wadogo. Upande mmoja nafungua Excel, upande wa pili picha za risiti za EFD (mashine za risiti za kodi) na taarifa za benki. Kwa skrini moja ya inchi 14, nusu ya siku inaishia kufungua dirisha hili na kufunga lile, na mara nyingine nasahau tarakimu njiani kabla sijaiandika. Ndiyo maana niliivamia ile kompyuta ya mjomba. Wazo lenyewe halikuwa baya. Nilichokosea ni kuanza na waya.

Tundu la HDMI au VGA (la picha la zamani zaidi) lililo nyuma ya kompyuta ya kawaida linatoa picha, halipokei. La laptopu nalo ni la kutoa. Nilichofanya mimi ni kuunganisha mabomba mawili yote yanayomwaga maji, halafu nikashangaa kwa nini ndoo haijai. Hakuna programu wala kitufe kitakacholigeuza tundu hilo, kwa sababu ndani hakuna kifaa cha kupokea picha. Ukikutana na mtu mtandaoni anayesema amefanikiwa kwa waya mtupu, huenda ana kompyuta ya aina maalumu (nitaifikia), au hajajaribu kabisa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, itazame hiyo kompyuta yako ya zamani. Je, skrini na CPU ni vitu viwili, au vyote vimo kwenye kipande kimoja? (Naposema CPU namaanisha lile boksi, tunavyoliita mtaani. Mafundi mnisamehe.)

Kama ni vitu viwili, hadithi yako ni fupi. Huhitaji kompyuta kuwa skrini, kwa maana skrini tayari unayo. Ing'oe kwenye CPU, iunganishe na laptopu moja kwa moja. Nilikaa wiki nzima nikihangaika na boksi wakati monita ya inchi 17 ilikuwa mbele ya macho yangu ikinisubiri.

Geuza monita uangalie matundu yake. Nyingi za zamani zina VGA, lile la bluu lenye pini 15, ambalo IBM walilileta mwaka 1987 na bado halijatuacha. Laptopu nyingi za sasa hazina VGA, zina HDMI au USB-C. Utahitaji adapta, na hapa ndipo watu wengi wanapouziwa kitu kisicho chao. VGA inabeba picha ya analogi, HDMI inabeba ya dijitali, hivyo lazima katikati pawe na kifaa kidogo cha kutafsiri. Kifaa hicho kinatafsiri upande mmoja tu. Adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA si sawa na ya kutoka VGA kwenda HDMI, ingawa kwa macho zinafanana kama pacha. Dukani usiseme "nipe adapta ya VGA na HDMI". Sema: "Laptopu ina HDMI, monita ina VGA, picha inatoka kwenye laptopu." Yangu nililipa shilingi 12,000, na niliomba ijaribiwe palepale kabla sijalipa.

Lakini subiri. Angalia tena nyuma ya monita, pembeni ya VGA. Kama kuna tundu jeupe, pana, lenye pini nyingi, hiyo ni DVI, na umepata bahati. DVI ya dijitali na HDMI zinazungumza lugha moja ya picha, kwa hiyo waya wa kawaida wa HDMI kwenda DVI unatosha, hauna cha kutafsiri, na maandishi yanatokea makali kuliko VGA. Sauti tu ndiyo haitapita, na monita nyingi za namna hiyo hazina spika hata hivyo. Mimi niligundua tundu hilo baada ya kununua adapta ya VGA. Adapta ipo kwenye droo.

Laptopu yenye USB-C pekee inataka tahadhari moja zaidi: si kila tundu la USB-C linatoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha mafaili basi. Tafuta alama ya radi (ya Thunderbolt) au ya DisplayPort, ambazo ni njia nyingine za kupitisha picha, pembeni ya tundu, au soma maelezo ya modeli yako kabla ya kununua adapta.

Ukishaunganisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend. Ukichagua Duplicate utapata picha ileile mara mbili na utaniambia nimekudanganya. Kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini, uburute vile vimraba viwili vikae kama monita zilivyokaa mezani. Monita yangu iko kushoto, lakini Windows iliiweka kulia, na kwa siku mbili nilikuwa nasukuma kipanya hadi ukingoni kinagoma kama punda. Monita za mraba za inchi 17 nyingi ni pikseli 1280 kwa 1024, zichagulie hizohizo, la sivyo herufi zitakuwa na ukungu. Na kama umetumia VGA ukaona picha imesogea upande au inatetemeka, bonyeza kitufe cha Auto kwenye monita yenyewe, inajirekebisha ndani ya sekunde chache.

Sasa wale wa kipande kimoja. Huko ndiko kwenye kazi.

Shemeji yangu ana iMac ya inchi 27 ya mwaka 2011, aliyoachiwa na ofisi ya usanifu alikokuwa akifanya kazi. Kioo chake ni kizuri mno, pikseli 2560 kwa 1440, lakini kompyuta yenyewe imechoka. Akanipigia: "Shemeji, wewe si uliweza ile ya mjomba? Njoo unifanyie na hii."

iMac ni ile aina maalumu niliyoisema. Apple waliweka kitu kinachoitwa Target Display Mode, kinachoifanya iMac ikubali picha kutoka Mac nyingine. Zinazokubali si zote. Za inchi 27 za mwisho wa 2009 na katikati ya 2010 hupokea kwa waya wa Mini DisplayPort. Za 2011 hadi katikati ya 2014 hupokea kwa waya wa Thunderbolt tu. Zile za Retina 5K, zilizoanza mwisho wa 2014, hazikubali kabisa, ingawa ndizo zenye kioo cha kutamanisha kuliko zote. Pia iMac iwe inatumia macOS (mfumo endeshi wa Mac) toleo la High Sierra au la nyuma zaidi, na Mac inayotuma iwe ya 2019 au kabla, yenye macOS toleo la Catalina au la nyuma. Ukitimiza hayo, unawasha zote mbili, unaunganisha waya, unabonyeza Command na F2 kwenye kibodi ya iMac, na kioo kinageuka. Kibodi isiyo ya Apple inaweza isifanye kazi, kwa hiyo usiitupe ile ya zamani hata kama herufi zimefutika.

Tatizo la shemeji lilikuwa jingine. Laptopu yake ni ya Windows, ina HDMI. Duka moja lilikuwa tayari limempangia adapta ya HDMI kwenda Mini DisplayPort, kwa sababu tundu la Thunderbolt la 2011 lina umbo lilelile la Mini DisplayPort. Umbo ni lilelile, ila linachopokea ni Thunderbolt peke yake, na HDMI haigeuki kuwa Thunderbolt kwa adapta yoyote ya dukani. Nilimzuia asilipe.

Kuna na kompyuta za kipande kimoja za Windows. Chache zina tundu la HDMI lililoandikwa IN. Hilo linapokea, na mara nyingi pembeni kuna kitufe cha kubadilisha chanzo cha picha kama kwenye runinga. Likiandikwa OUT, au lisipoandikwa kitu, chukulia kwamba linatoa.

Ukikwama hapo kote, inabaki njia ya mtandao. Tulichotumia kwa shemeji ni spacedesk, programu ya kupeleka picha kwa mtandao, ya bure kwa matumizi binafsi. Kwenye laptopu ya Windows unaweka draiva yake, inayoidanganya Windows kwamba kuna skrini ya pili. Kwenye kompyuta ya zamani unaweka programu ya kutazama, au kama ni kuukuu au si Windows, unafungua ukurasa wao wa kutazama ndani ya kivinjari. Ndivyo iMac ilivyofanya. Fayawoli (mlinzi wa mtandao ndani ya Windows) ikiuliza ruhusa mara ya kwanza, ikubalie kwa mtandao wa nyumbani, kwani watu wengi hubonyeza Cancel kwa mazoea halafu wanalalamika kwamba haioni kitu.

Tulianza na Wi-Fi ya nyumbani kwake. Kipanya kilikuwa kinafika, lakini ukikifuatilia kwa macho unakiona kinachelewa nyuma kama mtoto anayeburutwa sokoni. Tukachukua waya wa LAN, ule wa mtandao, tukaunganisha kompyuta mbili moja kwa moja bila rauta. Kompyuta za miaka hii hazihitaji tena ule waya maalumu wenye nyuzi zilizopishana (crossover). Subiri dakika moja, kila kompyuta inajipa anwani inayoanza na 169.254, na zinaonana. Hali ikabadilika kabisa.

Hata hivyo usitegemee miujiza. Piga hesabu: picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni mbili, kila moja biti 24, mara 60 kwa sekunde. Hiyo inakaribia biti bilioni tatu kila sekunde, na waya mzuri wa LAN unabeba bilioni moja. Programu inalazimika kuibana picha, na kompyuta ya zamani inalazimika kuifungua. Kwa PDF, barua pepe, Excel, WhatsApp, ni raha tupu. Kwa filamu au kuhariri video, utachukia maisha. Shemeji anaweka picha za rejea upande wa iMac na kuchora kwenye laptopu, hana shida.

Waya wa LAN una faida nyingine. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 2020, na Windows 10 ikafikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta kuukuu iliyofungwa kwenye waya wa laptopu tu, bila intaneti, inaweza kuwa skrini bila kufungulia wezi mlango.

Mafundi wengine watakushauri upasue kompyuta ya kipande kimoja, utoe kioo, ukifunge kwenye bodi ya kuendeshea inayouzwa kwa namba ya kioo iliyo kwenye stika nyuma yake. Inawezekana, na matokeo yake ni monita halisi. Ila ndani kuna sehemu ya umeme inayoweza kukurusha hata baada ya kuchomoa waya, na kioo kikivunjika umepoteza vyote. Mimi sijathubutu. Kama una fundi unayemwamini na kompyuta imeshakufa, hapo sawa.

Na wakati mwingine kompyuta ya zamani ikiwa bado ina nguvu, iache iwe kompyuta. Mouse Without Borders, iliyomo ndani ya PowerToys ya Microsoft, inakuwezesha kutumia kipanya na kibodi kimoja kwenye kompyuta hadi nne za Windows. Unasukuma kipanya kinavuka kwenda kompyuta ya pili, unanakili huku, unabandika kule. Huwezi kuburuta dirisha la Excel kutoka moja kwenda nyingine, lakini kivinjari na risiti vinaendeshwa na kompyuta ya pili kwa nguvu zake yenyewe, na laptopu inapumua.

Gharama yake ni umeme. Boksi la zamani likila wati 80, saa nane kwa siku, siku 26, ni karibu uniti 17 za LUKU kwa mwezi. Kwa aliye kwenye tarifu ya uniti 75, hizo si za kupuuza. Monita peke yake, ya wati 30, ni uniti sita na kidogo. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nibaki na monita na kuliondoa boksi la mjomba mezani.

Boksi niliambiwa nimpe kijana wa jirani anayejifunza ufundi. Kabla sijampa nikawasha mara ya mwisho nione diski ina nini. Nilikuta CV za watu wasiopungua mia, vyeti vya kidato cha nne vilivyoskaniwa, vyeti vya kuzaliwa, barua za maombi ya kazi, vyote vya wateja waliopita kibandani miaka hiyo. Nikampigia mjomba, akacheka, akasema hakuwahi kufuta. Nilifuta diski nzima usiku ule, ikachukua saa tatu, ndipo nikampa yule kijana.