Baridi ya Punjab na mafuta ya Biji: jibu kwa binti anayekwenda Ludhiana

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: ununue dawa gani ya Ayurveda, ile tiba ya asili ya India, kabla baridi haijaanza, kama kujipaka mafuta kunasaidia kweli, na kama kule ni lazima uoge kila siku. Nilisoma Ludhiana, mji wa jimbo la Punjab, kaskazini mwa India, nikapitisha misimu minne ya baridi. Nakujibu kwa yaliyonipata, la kuoga litakuja mwisho.

Baridi yenyewe usiipime kwa namba. Nyuzi 4 au 5 za usiku wa Januari wa kule, hata Njombe zipo msimu wake wa baridi, na tulikuwa na mwenzetu wa huko aliyefika akitucheka sisi wa Dar. Wiki ya pili analala na koti. Nyumba za kule zimejengwa kwa ajili ya joto la Juni: sakafu ya marumaru, dari refu, hakuna cha kupasha chumba. Ukungu ukishuka jua unalisahau siku nne, tano, nguo hazikauki, na ubaridi unakupandia kwenye nyayo. Ngozi inapauka kama umepakwa majivu. Pua inakauka mpaka inatoa damu.

Aliyenifundisha kuishi na hali hiyo ni mama mwenye nyumba wetu, mjane wa miaka sabini na kitu. Tulimwita Biji, ndivyo Wapunjabi wanavyomwita mama au bibi kwa heshima. Jumapili moja aliniona najikuna miguu, akaniita juu ya paa kwenye jua. Alikuwa amepasha mafuta ya haradali, bakuli ndani ya maji ya moto. Nijipake mwili mzima, nikae juani robo saa, ndipo nikaoge maji ya moto. Kitabuni hilo linaitwa abhyanga. Kwa Biji ilikuwa "paka mafuta, acha uvivu".

Mimi haradali ilinitoa vipele. Daktari wa Ayurveda wa mtaani (wanamwita vaidya, na ana shahada ya miaka mitano na nusu, si mtu wa kuokota majani tu) akanibadilishia ya ufuta. Hapo ndipo nilipoona faida. Ngozi ikaacha kupasuka, na usiku nilikuwa nasugua nyayo mafuta ya uvuguvugu, navaa soksi, nalala fofofo. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, usubiri siku moja. Na uangalie bafuni: mguu wenye mafuta juu ya marumaru, nilishuka chini kama gunia, nikachechemea wiki nzima.

Sasa chakula, maana ndiko uliko uhondo. Ayurveda inagawa mwaka misimu sita, na baridi inachukua miwili, Hemanta na Shishira, kuanzia katikati ya Novemba mpaka katikati ya Machi hivi. Wanavyosema, baridi ya nje inaufungia moto wa tumbo ndani, kwa hiyo njaa inakuwa kali. Usipoupa moto huo kuni nzito, unakula mwili wenyewe. Uuamini au usiuamini ufafanuzi huo, njaa utaiona. Charaka Samhita, kitabu chao kikongwe, kinashauri msimu huu maziwa, samli, vitu vya miwa, maji ya uvuguvugu, na hata nyama yenye mafuta. Ndiyo, nyama! Wengi wanadhani Ayurveda ni majani matupu. Supu yako usiiache.

Kwa Biji hayo yote yalikuwa jikoni tu. Mboga ya majani ya haradali kwa mkate wa unga wa mahindi, siagi juu. Panjiri, yaani unga wa ngano uliokaangwa kwa samli na sukari na njugu. Kipande cha sukari guru baada ya chakula. Ufuta uko kila mahali, na tarehe 13 Januari, sikukuu ya Lohri, wanawasha moto nje wanaurushia ufuta, karanga na bisi, halafu wanakula zilizobaki. Hapo hakuna dawa, na ndicho kilichonisaidia kuliko yote.

Mafua yakibisha hodi, wanachemsha kinywaji kinachoitwa kadha: tangawizi, pilipili manga, mdalasini na majani ya tulsi, ndugu wa kivumbasi chetu. Inafungua pua, inatuliza koo. Mwaka wa kwanza nilikunywa vikombe vitano kwa siku nikidhani najikinga, nikaishia na kiungulia na vidonda vya mdomo. Kikombe kimoja, viwili, vinatosha.

Dawa za kununua? Chyawanprash, ile rojo nyeusi ya tunda la amla, kijiko kimoja asubuhi si mbaya, ila ina sukari nyingi, mwenye kisukari aiogope. Vidonge na unga usio na lebo ya kueleweka, acha. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa madukani eneo la Boston, 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Na si uchafu tu, lipo tawi la Ayurveda linalochanganya madini makusudi. Kama unameza dawa yoyote ya hospitali, mwambie daktari kabla hujaongeza mitishamba.

Huyo mwenzetu wa Njombe alikohoa siku kumi akijitibu kwa kadha na manjano ndani ya maziwa. Homa haikushuka, kifua kikaanza kumchoma akivuta pumzi. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia, akalazwa, akapona kwa dawa za antibayotiki. Biji mwenyewe ndiye aliyeita bajaji, tena akitufokea kwa nini tumechelewa. Homa ya siku tatu, nenda hospitali. Na jiko la mkaa usilale nalo chumbani hata siku moja. Kila baridi watu wanakufa hivyo kaskazini mwa India, na wewe mtoto wa Kitanzania unalijua hilo toka nyumbani.

Haya, kuoga. Hakuna atakayekukagua. Mimi nilioga siku moja naruka moja, saa saba mchana, mlango wa bafu umefungwa na ndoo ya maji ya moto imetoa mvuke kwanza, mafuta yakiwa tayari mwilini. Siku ya kuruka, kitambaa cha maji moto kwapani na miguuni. Ndoo na hita ya kuchovya utanunua huko huko, usibebe. Ukichovya hita kwenye ndoo, chomoa umeme kabla hujatia mkono.