Bagamoyo kwa siku moja: anzeni Kaole, mmalizie Misheni

Mkuu, umesema Jumamosi unampeleka mama mkwe Bagamoyo pamoja na watoto wawili, mnapanda daladala kutoka Dar na kurudi siku hiyo hiyo. Mama ni Mkatoliki, wewe ni Mwislamu, na unahofia mmoja wenu atachoshwa na mambo ya mwenzake. Nimeshapeleka wageni wengi kule, wa dini zote mbili, na hilo sijaliona likitokea. Kinachochosha watu Bagamoyo ni jua na orodha ndefu. Waliotangulia kukujibu wamekutajia Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, Caravan Serai, soko la samaki na Chuo cha Sanaa. Ukifuata yote hayo na mtu mzima mkononi, mtarudi na picha za kuta tu. Mimi ningechagua sehemu mbili, magofu ya Kaole na Misheni ya Wakatoliki, na hizo nyingine mzione mkiwa njiani.

Magari ya Bagamoyo yanapakia stendi ya Makumbusho. Safari haifiki kilomita 80, lakini foleni ya Tegeta na Bunju unaijua, kwa hiyo saa 12 asubuhi muwe stendi. Hata kama mnakaa Tegeta usimsubirishe mama barabarani, maana gari likifika huko mara nyingi limeshajaa.

Mkishuka tu, chukueni bajaji moja kwa moja mpaka Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji. Patana na dereva bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjapanda, kwa sababu kule bajaji za kupita hovyo si nyingi. Ni lazima iwe asubuhi: magofu yako wazi, vivuli ni vichache, na ikifika saa 5 mawe yanawaka. Bebeni kitambulisho cha taifa pia, kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni si kimoja.

Kaole kuna msikiti wa karne ya 13 na mwingine uliojengwa baadaye, pamoja na makaburi. Msiseme "tumeona magofu" mkageuza. Mwombeni mwongoza wageni awasimamishe kwenye makaburi yenye nguzo, awaonyeshe vishimo vya duara ambamo zamani zilikaa bakuli za Kichina. Hapo ndipo watoto wanaelewa kwamba mji huu ulifanya biashara na walimwengu karne nyingi kabla Mjerumani hajafika. Kisha waulize bahari iko wapi. Mbele yao wataona mikoko tu, maana pwani ilijaa matope, vyombo vikashindwa kusogea, na shughuli zikahamia huko mji ulipo sasa. Kuna watu wanaokwenda pale kuzuru makaburi na kuomba dua, kwa hiyo mavazi yawe ya heshima. Kanga moja kwenye mkoba wa mama inatosha, na hiyo hiyo itawafaa kanisani.

Mkirudi mjini kuleni kwanza. Samaki wa kukaanga kwa wali au ugali mtapata bila shida. Mwambie dereva apite Mtaa wa India taratibu, mwone milango ya nakshi na Ngome Kongwe, halafu awashushe Misheni mkiwa na saa mbili tatu mkononi.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 wakitokea Unguja. Mbuyu walioupanda mwaka huo bado upo, na watoto wataupenda kuliko chochote, kwa sababu kuna mnyororo uliofungwa kwenye shina, mti ukanenepa ukaumeza, na sasa kinachoonekana nje ni kipande kidogo tu cha chuma. Mnara wa kanisa la zamani, la 1872, ndio uliopokea mwili wa mpelelezi David Livingstone Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka ndani kabisa ya bara. Kwangu mimi hao wabebaji ndio habari yenyewe. Kwenye makaburi ya wamisionari mwacheni mama asome umri wa marehemu, wengi walikufa vijana kabisa kwa homa. Makumbusho yao msiyaruke, ila watoto wakianza kulalamika wapelekeni kwenye msalaba wa ufukweni wakapunge upepo.

Sasa hilo la mambo ya mwenzake. Misheni ilikomboa watumwa, hasa watoto, ikawapa makazi pale pale. Na katika mji huo huo, Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliletwa kutoka Kongo akiwa mtoto mtumwa, akasoma, akawa kiongozi mkubwa wa Qadiriyya, tarika ya Kisufi, hadi alipofariki mwaka 1931. Ziyara, mkusanyiko wa kidini wa kila mwaka wa Waislamu hapo Bagamoyo, bado inajaza mji. Mweleze mama hilo mkiwa njiani kutoka Kaole, akifika Misheni atasikiliza habari ya watumwa kwa sikio jingine. Halafu kagueni tarehe: siku za Ziyara, au wiki ya tamasha la Chuo cha Sanaa, mji una raha yake lakini gari la kurudi ni kugombania.

Saa 10 jioni muwe mmeshafika stendi. Gari likija limejaa, liacheni, subirini linalofuata mpate siti zote nne pamoja. Kondakta atawaambia "kuna watu wanashuka hapo mbele tu". Msimsikilize, mama atasimama mpaka Bunju.