Acheni kuniandikia "askari" kwenye mifuko

Jumatatu nilifungua sanduku la vitu vidogo kutoka trenchi ya tatu, nikakuta mifuko minne. Yote minne, kwa miandiko ya watu watatu tofauti, imeandikwa: "bizimu la askari wa Kirumi". Mmoja haukuwa na bizimu, ile pini ya kubania nguo, hata kidogo. Ndani kulikuwa na kipande cha kijiko. Nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika, kisha nikakumbuka kwamba miaka kumi na tano iliyopita mwandiko ule ungekuwa wangu.

Kwa hiyo, wadogo zangu mliotoka Dar, Nairobi na Kampala kuja kusoma huku Uingereza na sasa mmepata kibarua cha akiolojia kwenye matope ya Warumi, kaeni tuongee. Sitawafundisha bizimu ni nini. Kichwa, mgongo, mguu, sindano, kidaka cha sindano, mnavijua. Nataka kuwaambia mnapoharibu.

1. Andika unachokiona. Mwenyewe atajulikana baadaye, akijulikana.

Najua huyo askari mnamtoa wapi. Mmesoma kwamba sagum lilikuwa vazi la jeshi, kitambaa kizito cha sufu kinachovaliwa lubega na kubanwa kwenye bega la kulia ili mkono wa upanga uwe huru. Mmesoma kwamba Warumi wakisema watu "wamevaa saga" walimaanisha vita vimeanza. Yote kweli. Na sisi tuliokua tukiona watu wamevaa lubega hatuhitaji hata kuchorewa.

Lakini nendeni Mainz, Ujerumani, mkaangalie jiwe la kaburi la Blussus, mwenye mashua wa karne ya 1. Mkewe, Menimane, amekaa ubavuni mwake na mabizimu yake kwenye nguo, si moja wala si mawili, na hakuna askari hapo. Au fikirieni Vindolanda, ngome ya Warumi kule kaskazini mwa Uingereza, ambako Claudia Severa alimwandikia Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda, kumwalika kwenye siku yake ya kuzaliwa. Yale majoho ya safari, kwenye baridi ile, mnadhani waliyashika kwa mkono? Ngome ilikuwa na wake, watoto, watumwa, wachuuzi. Askari wa kawaida hakuruhusiwa kisheria kuoa mpaka wakati wa Kaisari Septimius Severus, lakini sheria na nyumba za watu ni vitu viwili, na nyie mnalijua hilo kuliko mimi.

Vindolanda hiyohiyo mwaka 2006 lilitoka bizimu lenye sura ya Mars, mungu wa vita, na nyuma yake limetobolewatobolewa jina: Quintus Sollonius. Huyo mwandikieni askari. Amejiandikisha mwenyewe.

2. Urefu, upana, uzito, na kama sindano imekatika nayo iingie mfuko uleule. Basi.

3. Kabla ya kutaja aina, angalia kichwani: ni springi au ni bawaba?

Springi ni ule waya uliojizungusha, kazi ileile ya pini ya nepi ya mama zetu. Bawaba ni kijiti kimepita kwenye tundu, sindano inacheza juu yake. Swali hili la sekunde tano lingeniokolea nusu ya barua pepe ninazopokea.

Aina tunayoiita Aucissa ni ya bawaba. Mgongo umepinda kama daraja, mguuni kuna kifundo, na mengine yana jina la fundi limepigwa muhuri kichwani: AVCISSA. Yalivaliwa tangu miongo ya mwisho kabla ya Kristo hadi katikati ya karne ya 1, na yalifuata jeshi popote lilipokwenda. Hapa kwetu yanaambatana na watu wa mwaka 43, Warumi walipoivamia Uingereza. Mmoja wenu, simtaji, aliandika kwenye kadi kwamba mwenye bizimu "huenda aliitwa Aucissa". Mdogo wangu, hiyo ni sawa na kufukua kiatu cha Bata ukaandika kwamba marehemu alikuwa Bwana Bata.

Hod Hill, lililopewa jina la kile kilima cha Dorset ambako jeshi lilijenga ngome yake kwenye pembe moja ya boma la wenyeji, ni ndugu wa Aucissa na nalo ni la bawaba. Mengi yalipakwa bati yang'ae kama fedha. Utando ule mweupe mnaouona SI uchafu. Nimewaona na miswaki. Nimeiona miswaki yenyewe, ina rangi ya kijivu. Wekeni chini.

Na kabla sijasahau: haya ya mwanzo mara nyingi ni shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, wakati mengi ya baadaye yana risasi ndani yake. Ndiyo maana mengine yakianguka yanalia kama sarafu na mengine yanasema "pu". (Msijaribu.)

4. Usiinue kitu kaburini kabla hakijapigwa picha na kupimwa.

Mnalijua hili. Nami nilikuwa nalijua. Ndiyo maana nataka kulisimulia polepole.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, kwenye kampuni ambayo sitaitaja, kusini mwa nchi hii. Makaburi ya karne ya 4, nyumba mpya zinakuja, katapila limeegeshwa pembeni kama mdai aliyekuja mapema. Udongo ulikuwa wa mchanga wenye asidi, na mifupa ilikuwa imeliwa yote. Kaburi langu lilikuwa shimo la mstatili lenye kivuli cha kahawia katikati, misumari ya jeneza, na hakuna mtu. Ijumaa, saa kumi jioni, mvua inanyemelea.

Mwiko ukagusa kitu. Nikakwangua kidogo, nikaona kijani. Nikakwangua tena, nikaona kitunguu.

Mnajua bizimu la vitunguu vitatu, lenye vifundo vitatu vya umbo la kitunguu kichwani, lile ambalo wengine hulilinganisha na upinde wa vita. Wajerumani wamelipa jina la kitunguu na mimi nawafuata wao. Mie nilikuwa nimeliona kwenye vitabu tu. Nilikuwa nimemwona nalo Stilicho, jemadari wa Roma mwenyewe, kwenye vile vibao vya pembe za ndovu vilivyoko Monza, Italia, joho limebanwa begani. Na sasa liko chini ya mwiko wangu, zima, na niko peke yangu. Wadogo zangu, sikufikiri. Niliingiza vidole, nikalitoa. Nikalisugua mgongoni kwa dole gumba nione kama limechovywa dhahabu. Nikapanda juu, nikalipeleka kibandani kwa wenzangu, mkono juu, kama mtu aliyeshinda kombe.

Walifurahi kwa dakika mbili hivi. Kisha mmoja akauliza, kwa upole kabisa: "Picha yake iko kwenye kamera ipi?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ningeandika kwenye kadi, "limeinuliwa kabla ya kurekodiwa, kosa langu", ningetukanwa kidogo, tungeendelea na maisha. Badala yake nikasema, "Naenda kuipiga sasa hivi." Nikarudi kaburini. Nikachagua mahali palipoonekana pazuri, upande wa kulia, palepale bega lingekuwa kama kungekuwa na bega. Nikaliweka, vitunguu juu, mguu chini. Nikaweka mshale wa kaskazini na kipimo. Nikapiga picha tatu. Picha nzuri sana, ile ya pili ningeweza kuitundika ukutani.

Wiki iliyofuata bosi wangu, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ameshika mabizimu mengi kuliko nilivyoshika vijiko, akaniita mezani. Picha ilikuwa kwenye skrini. Hakupaza sauti. Akauliza, "Udongo uko wapi?" Bizimu lilikuwa safi, limekaa juu ya udongo kama sahani juu ya kitambaa. Akasogeza picha. "Na hili doa ni nini?" Karibu nusu mita kutoka pale nilipoliweka kulikuwa na doa la kijani, lile linaloachwa na shaba ikilala mahali pamoja kwa miaka elfu moja na mia sita. Mimi nililiona doa lile? Nililipiga picha mara tatu. Kisha akauliza la mwisho: "Na kwa nini limelala kama kwenye kitabu?"

Maana sisi tukichora tunaweka kichwa juu. Ni desturi ya wachoraji tu. Stilicho pale Monza amelivaa mguu ukielekea juu, vitunguu chini, na ndivyo walivyoyavaa. Mimi nilimvisha marehemu kwa kufuata kitabu.

Nililia chooni. Siwafichi.

Mnaweza kusema, lakini bizimu si lipo? Lipo. Liko kwenye kisanduku, lina namba. Sasa sikilizeni tulichopoteza. Kule Lankhills, Winchester, Giles Clarke alichimba makaburi ya wakati huohuo kati ya 1967 na 1972, na moja ya vigezo vyake vya kutofautisha wageni wa kutoka upande wa mto Danube na wenyeji ilikuwa hili: pambo lilikuwa limevaliwa mwilini, au limewekwa pembeni? Bizimu begani na bizimu miguuni ni habari mbili. Baadaye wengine walipima kemia ya meno ya watu wale na mambo yakawa magumu zaidi, maana waliozikwa "kigeni" si wote walikuwa wamekulia ugenini. Lakini hoja yote hiyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, imesimama juu ya watu waliochora bizimu likiwa mahali pake kabla ya kuligusa. Na pale ambapo mifupa imeyeyuka, bizimu ndilo bega. Mimi niling'oa bega la mtu nikaenda kuwaonyesha watu kibandani.

Kuna la pili, ambalo liliniuma zaidi. Chumvi za shaba huhifadhi nguo. Nyuzi zilizogusa bizimu hugeuka kuwa kama jiwe, na mtaalamu akiziweka chini ya hadubini anakuambia ni sufu au kitani, imefumwaje. Joho lenyewe, hilo vazi la jeshi tunaloliandika mifukoni kila siku, lingeweza kuwa pale mgongoni, kipande cha ukubwa wa ukucha. Pale ambapo dole gumba langu lilipita palikuwa pamelainika vizuri.

Ripoti ilipotoka ilikuwa na sentensi inayosema nafasi ya bizimu hilo ndani ya kaburi haijulikani. Bosi alinipa mimi niiandike. Zile picha tatu hazikuchapishwa.

Na bado hatujui kama alikuwa askari! Karne ya 4 hata makarani wa serikali walihesabiwa kuwa wako kwenye militia, yaani utumishi wa kijeshi, wakavaa mkanda na joho na bizimu la begani kama wanajeshi. Kwenye vibao vilevile vya Monza, Eucherius, mtoto wa Stilicho, kadogo tu, naye kavalishwa joho limebanwa begani. Huyo wangu anaweza kuwa alimaliza maisha yake akigonga mihuri ya kodi. Ningekuwa na uzi mmoja na kipimo kimoja cha lilivyolala, ningekuwa na la kusema.

Bado niko namba nne, jamani.

5. Silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu kisandukuni. Ikitoka rangi ya chungwa ikawa kijani, badilisheni. Unyevu ukae chini ya asilimia 35. Mkiona unga wa kijani hafifu unaochipuka kama ukungu wa mkate, msipulize, niiteni.

6. Bizimu la goti, lile lenye mgongo uliopinda kama goti, halimaanishi kambi ya jeshi.

Ni kweli mabizimu ya goti ni mengi mno kwenye ngome za mpaka wa Rhine na Danube, karne ya 2 kuelekea ya 3, na ukilikuta huku Uingereza inafaa kuinua nyusi. Inueni nyusi. Lakini askari walistaafu, walihama, waliuza vitu, walipoteza vitu kwenye vyoo vya watu. Mwaka juzi kijana mmoja alinitetea ngome nzima kwa ajili ya bizimu moja la goti lililotoka kwenye tifutifu la juu, bila tabaka, limefukuliwa na jembe la trekta. Alikuwa na ramani. Alikuwa amechora hata lango. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu alichora vizuri, na kwa sababu nilimpenda, kisha nikamwomba anionyeshe handaki hata moja. Siku hizi ndiye anayenikagulia kadi zangu, na hanihurumii.

Ile mifuko minne nimeirudisha kwenye trei iliyo karibu na birika. Kila mmoja aje achukue wake, afute lile neno, aandike: aloi ya shaba, springi au bawaba, tabaka namba ngapi. Wa kijiko aje kwanza, nina maswali.