Kisukari kwenye ukoo: pima kiuno kabla ya kulipia kipimo cha jeni

Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua kisukari cha aina ya pili ana haki ya kuuliza kama ugonjwa uko kwenye damu yao, na kama unarithiwa kupitia jeni za kinga ya mwili. Kwa kiasi, uko. Lakini TCF7L2, jeni yenye nguvu kuliko nyingine zilizoenea kwa watu wengi, haifanyi kazi yake kupitia kinga ya mwili: hudhoofisha utoaji wa insulini kwenye kongosho. Kila nakala ya aina yake mbaya huongeza hatari takribani mara 1.4. Jeni za kinga, kama zile za TNF na IL-6, kemikali zinazoamsha kinga ya mwili, kila moja peke yake huchangia kidogo sana.

Hata hivyo inflamesheni, yaani ule mwako wa mwili unapopambana na kidonda au vijidudu, inahusika kweli. Mwaka 1993 ilionekana kwa panya wanene kwamba mafuta ya mwilini hutoa TNF, nayo huzifanya seli zisiitikie insulini. Kitambi kinapokua, seli za mafuta hutanuka kupita kiasi na baadhi hufa. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huja kusafisha, kisha hubaki palepale zikitoa kemikali zao kidogokidogo kwa miaka, bila homa wala maumivu. Ini na misuli huanza kuipuuza insulini, kongosho nalo hulazimika kutoa nyingi zaidi mpaka linashindwa. Aliyerithi kongosho dhaifu hushindwa mapema.

Usitegemee kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na inflamesheni, kukuambia kama utaugua. Waliorithi CRP ya juu hawajaonekana kupata kisukari zaidi ya wengine, na malaria au jino bovu tu hutosha kuivusha 10 mg/L.

Linalotutia hofu zaidi ni vidonge vya prednisoloni na deksamethasoni vinavyonunuliwa bila cheti, kwa maumivu ya viungo au ili mtu anenepe. Vinatuliza inflamesheni haraka, ndiyo, lakini vinaliamuru ini limwage sukari na kuzuia misuli isiipokee. Kwa mwenye kisukari kwenye ukoo, wiki chache zinaweza kutosha. Daktari akikuandikia dozi ya asubuhi, pima sukari saa mbili baada ya chakula cha mchana, kwa kuwa ya asubuhi kabla ya kula inaweza kuonekana nzuri kabisa. Na kama umemeza vidonge hivi zaidi ya wiki tatu, usiache ghafla: mwili huenda umeacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, unaweza kuzimia. Dozi ipunguzwe na daktari.

Sasa chukua futi ya fundi cherehani. Ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Mwanamume mwenye sentimita 94 au zaidi, mwanamke mwenye 80 au zaidi, apime sukari baada ya kukaa saa 8 bila kula. Ikifika 7.0 mmol/L, rudia siku nyingine kuthibitisha. HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ikifika asilimia 6.5 nayo ni kisukari, ila mwenye selimundu au upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, asiitegemee: chembe zake nyekundu hufa kabla hazijakaa na sukari vya kutosha, na jibu hushuka kwa uongo.

Lengo la kupungua ni asilimia 7 ya uzito. Mwenye kilo 86 apunguze 6, huku akitembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002, mpango huo ulipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 58, na ulifaa hata kwa waliobeba nakala mbili za aina mbaya ya TCF7L2.

Fizi zikitoka damu kila unapopiga mswaki, nenda kwa daktari wa meno. Kwa wenye kisukari, kutibu ugonjwa wa fizi hushusha HbA1c kwa takribani pointi 0.4 za asilimia baada ya miezi mitatu au minne.